Neno Nililotungiwa Arusini

Shairi lilisomwa baada ya chakula, kabla ya keki kukatwa. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa chini ya turubai, kando ya nyumba mpya aliyonijengea kijijini kwao Kabati, nyumba ya matofali yenye mabati yaliyong'aa mpaka wageni wakawa wanajikinga macho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka chuoni si zamani, binti wa mkulima wa kijiji cha Tulia ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Mume wangu alizaliwa Kabati lakini kazi yake ilikuwa ya reli, kule Makindu, na siku hiyo wenzake wa kazini walikuja kwa lori lililojaa vumbi jekundu.

Mmoja wao alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu wa makamo, mwembamba, amevaa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Mchungaji alipomaliza kuwashukuru wapishi, mtu huyo alisimama, akaomba ruhusa kwa adabu, akasema amemtungia bibi arusi beti chache.

Watu wetu walizoea nyimbo za kwaya, na wazee walikuwa na ngoma zao. Shairi la Kiswahili la kughaniwa lilikuwa jambo geni. Hata watoto walinyamaza. Alighani polepole, akinitazama mimi wala si mume wangu, na ubeti wa mwisho niliushika hapo hapo, kwa sababu aliurudia:

Karibu ewe mgeni, mwenye sura ya huruma,
Ingia mwako nyumbani, ukae kwa taadhima,
Usitie hofu ndani, wala usirudi nyuma,
Mtala wako, mwandani, umekamilika vyema.

Watu walipiga makofi. Mume wangu naye alipiga, lakini kichwa alikuwa amekiinamisha, nikadhani ni haya ya bwana arusi. Mimi sikuwa na haya. Nilikuwa nimetungiwa shairi. Katika ukoo wetu wote hakuna msichana aliyewahi kutungiwa shairi.

Neno moja tu lilinikwama. Mtala. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha sokoni, cha kununulia chumvi na kuwaita watoto mstarini, na neno hilo sikuwa nimelisikia. Lakini mimi ni Mkamba, na kwetu kutala ni kuhesabu. Wiki chache kabla ya arusi, mbuzi wa ntheo walikuwa wamefikishwa kwa baba yangu, wakahesabiwa mbele ya wajomba, na bila mbuzi hao msichana wa Kikamba hajaolewa hata akivaa pete. Basi nikajiambia, mtala ni hesabu. Hesabu yako, mwandani, imekamilika vyema. Mtu wa pwani amejifunza neno letu akaliweka katika shairi ili kuwaheshimu wazee wangu. Nilipenda sana maana hiyo. Ilikaa mahali pake kama kifuniko cha sufuria.

Nilimwuliza mume wangu siku mbili tatu baadaye, tukinywa chai asubuhi kabla hajarudi kazini.

"Mtala ni nini?"

Akanitazama. "Mtala gani?"

"Wa shairi. Mtala wako umekamilika vyema."

"Wewe waonaje, Mwalimu?" Aliniita Mwalimu tangu tulipojuana.

Nikamweleza habari ya kutala na mbuzi na wajomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, akasema, "Ndio maana nilioa mtu aliyesoma." Akamimina chai nyingine. Mimi nikaona nimefaulu.

Mtu wa pili niliyemweleza alikuwa rafiki yangu, ambaye ndiye aliyenisimamia arusini. Tulifundisha shule moja, darasa lake likipakana na langu, tukigawana chaki na chakula cha mchana. Yeye alisomea ualimu pwani, miaka miwili, na alirudi na Kiswahili kizuri kuliko mwalimu yeyote pale. Mkuu wa shule alipoandika barua ya Kiswahili alimpelekea kwanza asahihishe. Kwa hiyo nilimpelekea maana yangu kama mwanafunzi anayepeleka daftari kwa mwalimu, nikitaka alama.

Alikuwa anaosha sahani nyuma ya ofisi. Nilipomaliza hakuinua macho.

"Hesabu," akasema.

"Si ndiyo?"

"Umepata," akasema. "Ni vizuri hivyo."

Nakumbuka kwamba aliosha sahani ile ile kwa muda mrefu. Wakati huo sikuona kitu.

Neno likawa langu. Sijui kama naweza kueleza jinsi mtu anavyoweza kulizoea neno mpaka likawa kama chombo cha nyumbani. Darasani, watoto walipomaliza kujumlisha, niliwaambia, "Haya, nipeni mtala," nao walinipa jumla. Kuna watu wazima leo Kabati, wengine wana wajukuu, waliofundishwa na mimi kwamba mtala ni jumla. Jikoni nilipomaliza kupanga vikombe nilijiimbia ule mstari. Binti yetu alipozaliwa nililala nao mdomoni, nikimwimbia yeye.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, mara nyingine baada ya miezi miwili. Kazi ya reli ilikuwa hivyo, na wanawake wengi wa Kabati waliishi hivyo, waume wao wakiwa Nairobi au Mombasa au kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa mtu mpole. Alileta machungwa ya Makindu na kitambaa cha nguo za mtoto, alitengeneza paa lilipovuja, Jumapili alikaa kanisani upande wa wanaume akaimba besi. Sikuwa na neno la kumlaumu. Nilitaka kwenda kuona mahali anapofanyia kazi, naye akasema nyumba za reli ni chumba kimoja, wanaume wanalala watatu, si mahali pa mke. Nikaona ni kweli.

Mtoto wetu alipokuwa amekwisha kuanza kukimbia na kuongea, shule yetu ilipata siku ya wazazi, na mkuu akatuambia atakuja mkaguzi kutoka wilayani, mama mmoja aliyehamishiwa Kitui karibuni. Nikasema darasa langu litamkaribisha kwa shairi. Nilichukua ubeti wangu, kwa kuwa unaanza na "Karibu ewe mgeni", nikamwomba rafiki yangu anisaidie kuwafundisha watoto kughani, kwani yeye alijua mahadhi yenyewe ya pwani.

Alisoma karatasi mara mbili.

"Mstari wa mwisho tuubadilishe," akasema.

"Kwa nini?"

"Huyu ni mgeni wa shule. Mambo ya hesabu ya mbuzi hayamhusu. Tuseme, mkeka wako, mwandani, umeshatandikwa vyema. Mizani inatosha."

Nilihesabu mizani kwa vidole, na kweli ilitosha. Lakini nilikataa. Nikamwambia mkeka ni kitu cha kila siku, na mimi nataka neno langu. Nikamwambia tena kwa utani kwamba ana wivu kwa sababu yeye hajatungiwa. Alijaribu mara ya pili kesho yake, akisema neno hilo litawashinda watoto, na mara ya tatu akasema mkuu hatalipenda. Nilicheka. Mwishowe akaacha, akawafundisha watoto kama nilivyotaka, na alikuwa mwalimu mzuri. Waliimba vizuri mno.

Siku yenyewe mkaguzi alikaa mbele, mama mnene mwenye sauti ya chini, leso begani, mzaliwa wa Mombasa. Watoto wangu walisimama kwa mistari, wasichana mbele. Walipofika "mtala wako, mwandani" nilimwona akijifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Nikadhani amefurahi. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya mlango, na wakati huo huo aligeuka akatoka nje.

Wakati wa chai mkaguzi aliniita nikae karibu naye.

"Mwalimu, hawa watoto wamenivunja mbavu," akasema. "Beti hizi umezitoa wapi?"

"Nilitungiwa siku ya arusi yangu."

Kikombe chake kikarudi kwenye sahani. "Ulitungiwa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Alikutungia nani?"

"Mtu wa pwani, anafanya kazi na bwana yangu Makindu."

"Na wewe ni mke wa ngapi?"

Nilicheka, nikasema sisi ni watu wa kanisa, mimi ni mke wa pekee.

Hakucheka tena. Alinitazama usoni kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Basi labda alikosea," akasema. "Watunzi hukosea."

"Alikosea nini? Mtala si hesabu?"

"Mwanangu, nani kakwambia mtala ni hesabu?"

Akasogeza kiti, akanieleza kwa upole, kwa sauti ambayo wengine mezani hawakuisikia. "Kwetu mwanamume akiwa na wake wawili au watatu, kila mke huwa na nyumba yake. Nyumba hiyo ya kila mmoja ndiyo huitwa mtala. Mke aliye peke yake hana mtala. Ana nyumba tu." Kisha akanigusa mkono. "Lakini usiende na neno la mgeni. Yawezekana alitafuta kina, akaliokota tu."

Alikuwa mtu mwema, na alijua kwamba halikuokotwa tu. Nami, nilipokuwa namimina chai kwa wazazi wengine, niliurudia ubeti mzima kichwani, mstari kwa mstari, nikiwa nimeliweka neno katika maana yake. Ingia mwako nyumbani. Usitie hofu ndani. Hofu ya nini? Miaka yote nilidhani ni hofu ya msichana anayeondoka kwao. Wala usirudi nyuma. Nyumba yako, wewe mke mwenza, imekamilika vyema. Hakukuwa na mbuzi mahali popote katika shairi lile. Kila neno lilikuwa wazi kama maji, na kila mtu aliyejua Kiswahili cha pwani chini ya lile turubai alilielewa isipokuwa mimi niliyetungiwa.

Ndipo nikakumbuka nani mwingine chini ya turubai alijua Kiswahili.

Tulizoea kurudi nyumbani pamoja, mimi na rafiki yangu, kwa njia inayopita kando ya mto mkavu. Siku hiyo alitaka kubaki kupanga viti. Nilimngoja langoni mpaka akamaliza. Tulitembea mpaka tulipofika mahali wanawake wanapochimba mchanga kutafuta maji, na hapakuwa na mtu.

"Mtala ni nini?" nikamwuliza.

Alisimama. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru.

"Amekwambia yule mama."

"Nataka uniambie wewe."

"Ni nyumba ya mke mwenza," akasema.

"Ulijua lini?"

"Neno nililijua tangu chuoni."

"Siulizi neno."

Alikuwa ameshika kikapu chake kwa mikono miwili mbele ya tumbo. "Nilimwuliza yule mshairi siku ile ile," akasema. "Mlipokuwa mnapigwa picha. Nilimfuata kwenye lori. Nilidhani ni mzaha mbaya, nilitaka kumgombeza. Akashangaa. Akaniambia mke mkubwa yuko Makindu, ana watoto."

Nilikaa chini juu ya ukingo wa mto.

"Na ukarudi ukanishikia maua," nikamwambia.

"Ulikuwa umeshaolewa. Ulikuwa na pete. Ningesema nini, mbele ya baba yako na mchungaji?"

"Kesho yake je?"

"Siku chache baadaye ulikuja na hesabu yako ya mbuzi. Ulikuwa na furaha, mimi sijawahi kumwona mtu ana furaha namna ile. Nikasema mwenyewe atamwambia. Ni juu yake. Kisha mwaka ukapita, ukapata mimba, ikawa vigumu zaidi. Na mimi sina mume. Ningesema, watu wangesema nina wivu. Hata wewe ungesema." Akakishusha kikapu chini. "Hata wewe ulisema, kwa ajili ya mkeka tu."

Hayo yote yalikuwa na maana. Nilipoyapima moja moja hakukuwa na hata moja ambalo mtu mwenye akili angelikataa. Lakini nilikuwa nikifikiri juu ya chakula cha mchana tulichogawana siku zote hizo, na mimi nikimsimulia habari za mume wangu, amekuja, ameleta machungwa, amesema hivi, naye akinisikiliza hali anajua machungwa mengine yameliwa na nani. Nilikuwa nikiishi ndani ya nyumba ya kioo na yeye peke yake ndiye aliyekuwa nje akitazama.

Alinyoosha mkono ili aniinue. Nilijiinua mwenyewe.

Likizo ya Aprili ilipofika nilimwacha mtoto kwa mama yangu Tulia, nikapanda basi la Machakos, kisha lingine la kuteremka Makindu. Sikumwambia mume wangu. Nilijua alikuwa zamu, ametumwa upande wa Voi.

Mshairi nilimkuta nje ya nyumba za reli, amekaa kwenye kibao anakata kucha. Alinitambua mara moja. Alisimama, akaniita shemeji, akaingia ndani kuniletea kiti. Nilipomwambia nimekuja kumwuliza habari ya neno moja katika shairi lake, alifurahi kwanza, kama wanavyofurahi watunzi. Kisha akaniona uso.

"Hukuambiwa," akasema.

"Nimeambiwa majuzi. Na mgeni."

Alikaa. Alivua kofia akaishika magotini. "Shemeji, nilimwuliza bwana kabla sijatunga. Nikamwambia, huyu bibi arusi anajua ana mwenzake? Akaniapia kwamba unajua, umeridhia, na wazee wako wameridhia. Mimi nikaona nikupe heshima yako. Kwa desturi mke wa pili hutungiwa vijembe, hatungiwi karibu. Nikasema huyu nitamwambia asiogope." Alitikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa nakutia kisu mbele ya watu."

Nilimwambia kwamba hakukosea hata neno moja. Yeye ndiye peke yake siku ile aliyenieleza ukweli, na alinieleza waziwazi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ndiye aliyenionyesha njia ya kwenda kwa mke mwenzangu. Haikuwa mbali, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, kando yake michungwa michache. Mwanamke alikuwa amekaa kivulini anasuka kikapu cha kiondo, akisokota kamba pajani, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alinitazama nikija, na kabla sijasalimu akasema kwa Kikamba chake cha huku chini, "Wewe ndiwe Mwalimu."

"Ndimi."

"Umekuja mwishowe. Miaka yote nimekungoja."

Mume wetu alikuwa amemwambia kwamba mimi ninajua kila kitu, ila nimekataa kukanyaga kwake kwa sababu nimesoma na sitaki kukaa na mtu asiyejua kusoma. Mara mbili mwenzangu alinitumia viondo kupitia kwa mume. Mume alivipokea akasema nimeshukuru. Mimi sikuwahi kuviona. Nilipomwambia hivyo aliweka kazi yake chini, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, tukala kutoka sahani moja.

Watoto wake walirudi kutoka kuchota maji. Nilijua ni wa nani kwa paji la uso. Mdogo, msichana, alikuwa amevaa gauni la kitambaa cha samawati chenye maua madogo ya manjano. Nilimwita, nikashika pindo la gauni. Binti yangu alikuwa na gauni hilo hilo. Nilikuwa nimelishona mwenyewe wakati wa Krismasi, nikamsifu baba yake kwa macho mazuri ya kuchagua. Alinunua kipande kimoja akakikata katikati.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia arusini, wala mtoni, wala kwa mshairi. Mwenzangu alinishika bega, akaniacha nilie, na hakuniambia ninyamaze.

Mume wangu alikuja Kabati mwisho wa mwezi ule. Alikuwa amekwisha kusikia. Aliingia mchana, akaweka mfuko wake kando ya mlango, akakaa bila kuvua viatu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipomwona nilimwuliza moja tu, kwa nini hakuniambia.

"Uliambiwa," akasema. "Siku ya arusi, mbele ya watu wote. Mbele ya mchungaji. Mimi nilimwacha yule mzee aseme, sikumziba mdomo."

"Aliniambia kwa neno nisilolijua."

"Wewe ni mwalimu. Ningejuaje kwamba hulijui?"

"Kwa sababu nilikuuliza. Kwenye meza hii."

Alitazama meza. "Ulikuwa umefurahi sana na hesabu yako," akasema.

Maneno yale yale ya rafiki yangu, karibu kwa mpangilio ule ule. Nilitambua kwamba wote wawili waliichukua furaha yangu wakaifanya pazia, na kila mmoja akajificha nyuma yake. Mama mkwe wangu naye alikuwa akijua. Alipoulizwa alisema mwanamume wa reli hawezi kulala peke yake, na kwamba ningeambiwa ningekataa. Hilo lilikuwa kweli. Ningekataa.

Sikumfukuza, nyumba ilikuwa juu ya shamba la baba yake. Niliandika kuomba uhamisho, na nilipoulizwa ninataka wapi nikasema mbali. Nikapelekwa Ikutha, kusini, kwenye joto na mifugo, mahali ambapo hakuna aliyenijua. Baba yangu alikasirika kwanza, akasema mzee wa kanisa hawezi kuwa na binti aliyeacha mume. Nikamwuliza kama angeiruhusu ndoa ile iwapo angejua ukweli. Mwaka uliofuata alikuja Ikutha na mbuzi jike kwa ajili ya mjukuu, akakaa nasi wiki nzima, akanijengea zizi.

Mume wangu alikuja mara chache kumwona mtoto. Tulimpa chakula, alikaa kwenye kiti cha wageni. Ubaya hatukutendeana tena. Katikati ya miaka ya themanini alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, na tulipomzika Kabati mimi na mwenzangu tulikaa mkeka mmoja, watoto wetu nyuma yetu, na mchungaji mpya aliposoma habari za marehemu alitaja mke mmoja tu, yule wa kanisani. Mwenzangu alitazama mikono yake. Nilisimama, nikamkatiza mchungaji, nikasema marehemu ameacha wake wawili, na huyu hapa ndiye mkubwa. Watu walinong'ona. Sikujali. Mpaka leo tunatembeleana, mimi na yeye, na binti zetu wanaitana dada bila kuongeza neno.

Rafiki yangu ndiye aliyekuja mwisho. Alikuja Ikutha miaka ya tisini, amekwisha kustaafu, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, amepanda mabasi mawili kwenye joto lile. Hakuwa amenipa habari. Nilikuwa napeta ndengu uani. Nilimletea maji ya kunawa na ya kunywa, tukakaa, tukaulizana habari za wale tuliofundisha nao, nani amekufa, nani amehamia kwa watoto. Hakuwa ameolewa. Nikampikia chapati, alizozipenda.

Baada ya kula akasema, "Yeye ulimsamehe."

"Nani?"

"Marehemu. Nilisikia ulivyosimama pale kaburini."

"Pale nilisimama kwa ajili ya mwenzangu," nikasema. "Lakini ndiyo, yeye nilimsamehe. Zamani."

"Na mimi?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Alikuwa amesafiri, alikuwa amezeeka, na tangu yeye sikuwahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile. Nilijaribu neno lenyewe mdomoni na likakataa kutoka.

"Habari za waume nilionywa tangu nikiwa msichana," nikamwambia. "Mama alinionya, shangazi walinionya. Nilikuwa nimejiandaa kidogo. Habari zako hakuna aliyenionya."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu alilolijua. Alisema tu kwamba kila siku, kila siku ya Mungu, alikuja shuleni akisema leo nitamwambia, halafu ananiona.

"Najua," nikasema. Na nilijua. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

Alinisaidia kupeta ndengu zilizobaki. Alikuwa bado na mkono mwepesi. Jua lilipoanza kupungua nilimsindikiza mpaka kituoni, nikasimama naye mpaka basi la Kitui likaja, nikampandishia kikapu chake. Alikaa upande wa dirisha, akaweka kiganja kwenye kioo, nami nikainua mkono. Hatukuonana tena. Nilisikia baadaye kwamba anaumwa miguu na hatoki, na mara kadhaa nilipanga safari ya kwenda kumwona, nikafua nguo za safari, nikazianika, nikazikunja, nikazirudisha sandukuni.